Karatasi Mbovu za Bi Wino

Mimi ni mtunza stoo wa shule, na kabla hujaniuliza, ndiyo, chaki zipo, na hupati hata moja mpaka usaini. Miaka ishirini na moja nimekaa kwenye chumba kile chenye dirisha moja, nagombana na walimu juu ya chaki, mafagio na kufuli, wala sijutii. Katika miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu aliyenijibu jeuri kila siku nami nikamvumilia: mama wa chumba cha jirani, mpiga chapa wa mitihani. Kila mtu anamwita Bi Wino. Jina lake la kwenye barua ya ajira lipo, lakini ukilitaja pale shuleni watu watakuuliza unamtafuta nani.

Chumba chake kilikuwa kidogo kuliko changu, na ndani yake kulikuwa na mashine ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, kuukuu, yenye umri wa kuwapita nusu ya walimu wetu. Mwalimu analeta mtihani alioupiga kwenye stensili, ile karatasi ya nta inayopitisha wino, Bi Wino anaifunga stensili, anapaka wino, anapanga karatasi, anashika mpini na kuanza kuzungusha. Ukizungusha mbio, karatasi zinatoka mbili mbili. Ukizungusha taratibu, wino unajaa na herufi zinavimba. Hata yeye aliyeijua mashine ile nje ndani, katika kila karatasi mia zilimharibikia kumi na tano hivi: nusu ukurasa mweupe, mistari imepandana, namba zimekatika katikati. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye kucha. Akienda kwenye sherehe alivaa glovu, na watu wakasema anaringa.

Karatasi hizo mbovu zilikuwa na sheria yake. Haziendi jikoni kufungia kitu, haziendi chooni, haziendi popote. Zinachomwa siku hiyohiyo kwenye pipa nyuma ya jiko la shule, na mimi nasimama pale mpaka ziwe majivu, kisha nasaini kwenye daftari: idadi, tarehe, nimeshuhudia. Hivyo ndivyo sheria ilivyosema. Nilivyofanya mimi ni kwamba nilikaa kwenye kiti changu na chai yangu, nikaona moshi dirishani, nikasaini. Miaka ya mwanzo ulikuwa moshi wa mitihani kweli. Baadaye ukawa moshi wa maboksi matupu, na nilijua, maana mkoba wa Bi Wino ulikuwa ukitoka umevimba kuliko ulivyoingia. Nikajitia hamnazo. Karatasi tu, nilijiambia, mama wa watu anawashia jiko.

Hakuwa akiwashia jiko. Nyumbani kwake kulikuwa na mtoto.

Alikuwa mtoto wa kaka yake, dereva wa malori ya mbali, mtu wa kuonekana mara tatu kwa mwaka. Mke wa kaka alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na Bi Wino, ambaye hakujaliwa wake wa kumzaa, akamchukua yule binti akamlea. Alikuwa kadogo hako, kembamba, macho tu, ndiyo maana akaitwa Nukta. Akiwa na miaka minne alijifundisha kusoma kwenye makopo ya wino. Alimwambia, "Shangazi, hapa pameandikwa liwekwe mbali na moto, mbona umeliweka karibu na jiko?" Bi Wino akalihamisha kopo, kisha akakaa kitandani, akamtazama yule mtoto.

Daftari Nukta alilimaliza kwa siku tatu. Lililofuata, siku mbili. Bi Wino akaona afadhali ampe karatasi mbovu, upande mmoja si mweupe? Alizificha kwenye sanduku lenye kufuli mpaka mtihani wenyewe uwe umeshafanywa, ndipo akampa. Na za darasa ambalo mtoto yumo hakuzigusa kabisa, hizo alizichoma kweli. Alikuwa na dhambi yake, lakini aliifanya kwa utaratibu.

Mwanzoni mtoto alichora. Siku moja Bi Wino akatoka kufua, akamkuta amegeuza karatasi upande uliochapwa, penseli mkononi. Ulikuwa mtihani wa hesabu wa darasa la sita. Kila mahali ambapo wino ulikuwa umekosekana, Nukta alikuwa ameweka namba zake mwenyewe. "Hii ilikuwa imeharibika," akasema, "nimeitengeneza." Alikuwa na miaka sita, ndiyo kwanza ameanza shule.

Kesho yake Bi Wino alikuja stoo kunisimulia. Hakusema karatasi ile ilifikaje nyumbani, nami sikuuliza. Nilimwambia aache kutia chumvi. Kila mtu ana mtoto mwenye akili, mwanangu wa pili alitembea akiwa na miezi tisa na leo hajui hata kufunga mlango. Bi Wino aliniangalia kwa jicho la kunipima, akachukua bunda lake la karatasi akaondoka. Wiki nzima hakunisalimia.

Basi ikaenda hivyo miaka mitatu. Kila jioni baada ya kuoga, mtoto anakaa mkekani na karatasi zake, anatengeneza maswali. Za darasa la nne, za tano, za sita, mpaka za saba. Swali lililokatika anajaribu namba hii na ile mpaka likae sawa. Shangazi mtu aliishia darasa la tano, hakuelewa nusu ya anachokiona, ila alielewa kwamba anachokiona si kitu cha kawaida. Alizihifadhi zote.

Sasa hapa ndipo hadithi inaponitia hasira, kwa hiyo nivumilie. Huyu mtoto anayetengeneza hesabu za darasa la saba mkekani, darasani kwao darasa la tatu alikuwa anapata sifuri, maana la kwanza na la pili hupandishwa wote. Si sifuri ya mafumbo, sifuri yenyewe ya wino mwekundu. Muhula wa kwanza sifuri, wa pili sifuri. Na mtihani wa mwisho wa mwaka ulipotoka, mwalimu wa darasa alimwita Bi Wino, akamwonyesha karatasi.

Swali la kwanza lilisema hivi: kwenye trei kuna mayai 24, yamevunjika 9, mazima yamebaki mangapi? Nukta hakuandika jibu. Alikuwa ameifuta ile 9, na juu yake ameandika kwa mwandiko mdogo: "Yamevunjika kadhaa. Mazima ni mara mbili ya yaliyovunjika. Yamevunjika mangapi?" Kisha akaenda swali la pili, akalifanyia vivyo hivyo. Ukurasa mzima ulikuwa umefutwa na kuandikwa upya, hakuna jibu hata moja.

"Anaharibu karatasi, mama," mwalimu wa darasa akasema. Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sitini na wawili kwenye chumba cha madawati ishirini, na sauti yake ilikuwa imekauka tangu muhula wa kwanza. "Nimemwonya, nimemsimamisha, nimemkalisha mbele. Hajibu. Ananiangalia tu. Ijumaa tuna kikao cha walimu cha kupandisha madarasa, na nimeshaandika. Atarudia la tatu."

"Lakini mwalimu, huyu mtoto nyumbani anafanya hesabu za wakubwa."

"Kila mzazi ananiambia hivyo."

"Mpe basi kitu kigumu. Umjaribu tu."

"Mama, chepesi kimemshinda, nimpe kigumu cha nini?"

Bi Wino akaenda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mama mmoja mnyoofu, mwenye haraka, anayekusikiliza huku anaandika kitu kingine. Lakini alisikiliza. Akaagiza mtoto aletwe ofisini. Nukta akaja, kichwa chake kikawa usawa wa meza. Mwalimu mkuu akaweka kalamu chini, akauliza kwa upole, "Haya, mama, saba mara nane ni ngapi?"

Kimya. Mimi nilikuwepo, nilikuwa naleta balbu na ngazi ya kuifungia. Mtoto alimtazama mwalimu mkuu, akatazama balbu, akatazama tena mwalimu mkuu. Sitini kasoro, mwalimu mkuu akamdokezea. Kimya. Bi Wino pale mlangoni alikuwa anasokota ncha ya khanga yake. Mwalimu mkuu akavuta pumzi, akamwambia mtoto aende akacheze, na kwa Bi Wino akasema, "Kurudia darasa si aibu. Mwache akomae."

Kwenye korido Bi Wino akachuchumaa mbele ya yule mtoto, mimi na ngazi yangu nyuma yao. Hakumfokea. Aliuliza, "Mwanangu, saba mara nane huijui?"

"Hamsini na sita."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Nukta akamshangaa shangazi yake. "Lile halikuharibika," akasema.

Nikwambie ukweli, mimi sikuelewa. Bi Wino alielewa papo hapo, nikaona uso wake ukibadilika. Huyu mtoto hesabu hakufundishwa na mtu, alifundishwa na karatasi mbovu. Kwake yeye swali ni kitu kilichovunjika unachopewa ukitengeneze. Ukimpa swali zima, lenye namba zake zote, hajui unamtaka nini. Anaona labda ni la kuliboresha kidogo, liwe na kazi ndani yake. Miaka mitatu alikuwa anakaa darasani akisubiri kazi ianze. Na aliyemfanya awe hivyo ni shangazi yake mwenyewe na mkoba wake.

"Ni mimi," Bi Wino akaniambia stoo, amekaa juu ya boksi la chaki bila kuniomba. "Kaka, ni mimi nimemharibia."

Jioni hiyo alimwelekeza mtoto: hata swali likiwa zima, andika jibu, walimu wanapenda majibu. Nukta akauliza kwa nini, wakati jibu wanalijua. Shangazi akasema wanapenda tu, wavumilie. Kesho yake, Jumatano, akaenda kumwomba mwalimu wa darasa kwa kila aina ya ombi, mpaka mwalimu akakubali kumpa mtoto mtihani uleule mara ya pili, peke yake, saa ya mapumziko. Nukta aliumaliza kabla kengele haijalia. Alipata yote arobaini.

Ungedhani mambo yameisha. Ndiyo kwanza yalianza kuwa mambo. Sifuri juzi, arobaini leo, na shangazi ndiye mpiga chapa. Hata mimi ningewaza walichowaza. Mwalimu mkuu alimwita Bi Wino, safari hii hakuwa anaandika chochote. "Sitaki kukutuhumu," akasema, "lakini unaona inavyoonekana. Umemkaririsha majibu. Mtoto atarudia, na naomba jambo hili liishie hapa, kwa faida yako."

Alhamisi mchana Bi Wino akaja stoo na furushi limefungwa kwa khanga. Akaliweka juu ya meza yangu, akafungua fundo. Karatasi mbovu, za miaka mitatu. Penseli mbele, penseli nyuma, mwandiko ukianza mkubwa na wa kupinda chini ya furushi, ukizidi kuwa mdogo na kunyooka kadiri unavyokuja juu. Nilipoona ni kitu gani, nilikwenda kufunga mlango.

"Una wazimu," nikamwambia.

"Hiki ndicho cheti chake. Hakuna kingine."

"Hicho cheti chake ni kesi yako. Kila karatasi hapo ilitakiwa iwe majivu. Ukiipeleka kikaoni watauliza ulizitoaje, na nani mwingine aliziona, na uliwapa wangapi. Utamwaga unga, dada, miaka kumi na minane yote. Na mtoto utamlisha nini na hizo akili zake?"

"Akirudia la tatu?"

"Akirudia atarudia. Mwaka mmoja. Mimi nilirudia mara mbili."

"Ndiyo," akasema, "na tunakuona."

Nilikasirika. Nilimwambia basi atazame na kwenye daftari, kila karatasi hapo ina saini yangu pembeni, kama ananitakia mabaya aseme waziwazi. Hapo ndipo aliponitolea uvivu. Aliongea taratibu, na nilitamani angepiga kelele. Alisema mwaka juzi mtoto alikuwa akirudi shule anasimulia. Mwaka jana akawa anajibu tu akiulizwa. Mwaka huu anarudi, anavua viatu, analala kifudifudi. Wiki iliyopita amemuuliza, "Shangazi, mimi ni mjinga?" Anapewa sifuri, kwa hiyo ameanza kuziamini. Ukimwongeza mwaka mwingine wa kuhesabu mayai, alisema, mwakani hakutakuwa na mtu wa kumtetea, atakuwa ameshazimika. Watoto wakivunjika mguu tunawabeba, wakichelewa kuelewa tunawafundisha saa za ziada, vizuri kabisa, sasa huyu aliyetangulia nani anamfuata huko aliko? Anaachwa peke yake, kwa kuwa ana akili atajijua. Ana miaka tisa. Atajijuaje?

Akafunga furushi. Mlangoni akageuka, akasema, "Jina lako sitalitaja."

Ijumaa kikao kilikaa kwenye chumba cha walimu, meza ndefu, vikombe, ripoti zimerundikwa. Mimi huwa naingia kwa ajili ya orodha ya vitabu, nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Walipofika darasa la tatu na jina la Nukta likasomwa, Bi Wino akaingia bila kuitwa. Alikuwa amevaa gauni lake la sherehe, bila glovu. Akaweka furushi mbele ya mwalimu mkuu.

"Nimekuja kusema kosa langu," akasema, "na nikimaliza naomba mtazame."

Akasema yote. Alivyozitoa, alivyozificha, kwamba hakutoa hata moja kabla mtihani haujafanywa, kwamba za darasa la mtoto hakuzitoa kabisa, kwamba mtoto hajui kosa lolote, anajua shangazi huleta karatasi. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mwalimu mkuu alifungua furushi, akaona mihuri ya mitihani, uso ukamkauka. Akaniomba daftari la kuchoma. Nililitoa, nikampa.

"Hapa imesainiwa kila mara kwamba zimechomwa. Ilikuwaje?"

"Nilimdanganya," Bi Wino akasema kabla sijafungua mdomo. "Nilimwambia nimeshachoma, akaniamini."

Macho yote yakanigeukia. Palikuwa na nafasi ya kusema neno moja, na nilikaa kimya. Nilitikisa hata kichwa, kama mtu aliyedanganywa. Nalieleza hili kwa sababu nimeamua kulieleza, wala usinifariji.

Wakati huo, mwishoni mwa meza, mwalimu wa hesabu wa darasa la saba alikuwa amejichukulia karatasi moja kwenye furushi. Tunamwita Mwalimu Rula, mtu wa makamo, mkavu, hacheki na mtu wala hamsifu mtu. Alikuwa ameisogeza karibu na miwani. Watu wanabishana juu ya barua ya kumsimamisha Bi Wino kazi, yeye anasoma. Akachukua nyingine. Kisha akagonga meza kwa rula yake.

"Hili ni swali langu," akasema. "La mwaka jana. Bomba moja linajaza tangi kwa saa kadhaa, la pili kwa saa sita, yakifunguliwa pamoja tangi litajaa kwa saa ngapi? Hapa namba ya bomba la kwanza haikutoka." Akasoma mwandiko wa penseli, polepole, kama anasoma barua aliyoandikiwa. "Ikiwa ni 12, jibu ni saa 4. Ikiwa ni 6, jibu ni saa 3. Ikiwa ni 4, jibu ni saa 2 na dakika 24. Ikiwa ni 3, jibu ni saa 2. Haiwezi kuwa 0. Nadhani mwalimu aliweka 3, kwa sababu ndiyo ndogo na mwalimu huyu hapendi masalio."

Waliokuwa wanabishana juu ya barua wakaiacha.

"Niliweka tatu," Mwalimu Rula akasema. Akavua miwani. "Watoto wangu arobaini na nane walilifanya swali hili likiwa zima, wakalipata kumi na mmoja. Huyu amelifanya likiwa nusu, akanijua na mimi mwenyewe." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Unaweza kukaririshwa jibu, mwalimu. Huwezi kukaririshwa hili."

Kulikuwa na ubishi bado, usidhani watu wanabadilika kwa dakika moja. Mmoja alisema ukimrusha mtoto madarasa atakosa wenzake wa kucheza nao. Bi Wino akamjibu kwamba wa kucheza nao anao, saa ya mapumziko, anachokosa ni saa nyingine zote. Mwingine akasema tukimfanyia huyu itabidi tuwafanyie na wengine. "Ndiyo," Bi Wino akasema, akamtazama, akasubiri mwingine aseme. Yule mwalimu wa darasa la tatu ndiye aliyemaliza maneno. Aliomba karatasi ya mayai, akaisoma upya, midomo ikihesabu. "Manane," akasema. "Jibu ni manane. Nilimwandikia sifuri." Akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya wenzake, na hakuna aliyejua la kufanya isipokuwa Bi Wino, aliyemsogezea kikombe cha maji.

Kikao kikakata shauri. Nukta angepanda darasa la nne, kwa kuwa umri ni umri. Lakini kipindi cha hesabu kila siku angevuka ua kwenda darasa la saba, kwa Mwalimu Rula. Na Bi Wino, kwa kuwa kanuni za mitihani haziwezi kuvunjwa mbele ya kikao kizima halafu watu wakanywa chai, aliondolewa kwenye mashine asiguse karatasi ya mtihani maisha yake yote pale shuleni. Hakufukuzwa. Alihamishiwa jikoni, kuosha masufuria. Mwalimu mkuu alimpa barua, naye akaisaini bila kuisoma.

Mimi nilikwenda kwa mwalimu mkuu Jumatatu. Nilisema nilijua, muda wote nilijua, sikudanganywa na mtu. Alisema Bi Wino ameshasaini na jikoni wameshampokea, kwa hiyo kukiri kwangu kunamsaidia nani? Alinipa barua ya onyo. Ninayo mpaka leo, naiweka pamoja na vyeti vyangu vya kuzaliwa na ndoa, ndiyo karatasi pekee kati ya hizo niliyoistahili. Nilipomwambia Bi Wino, alisema, "Umechelewa siku tatu, lakini umefika," akaendelea kusugua.

Jikoni hakunyamaza, kwa taarifa yako. Si mwaka huohuo alimwona mtoto mmoja wa la pili anayechora sura za watu kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, unamtambua kila mmoja, badala ya kumpiga akampeleka kwa mwalimu mkuu mikono ikiwa imejaa masizi? Mwalimu mkuu sasa akimwona anakuja na aproni yake huweka kalamu chini mapema. Walimu wengine wanamwita mbea, wanamwita mkaguzi wa sufuria. Anajua. Haachi.

Lakini nilitaka kukwambia siku ile ya kwanza, muhula ulipofunguliwa. Nilikuwa jikoni kuhesabu miiko, maana miiko pale inapotea kila likizo. Bi Wino alikuwa ameinama kwenye sufuria kubwa ya uji, mikono ndani mpaka kwenye viwiko. Asubuhi, kipindi cha kwanza kikiwa hesabu, alikuwa amemsindikiza Nukta mpaka kwenye mlango wa darasa la saba, akamwona akiwekewa matofali mawili ya kukalia ili aifikie meza, kisha akaja kazini. Niliona mgongo wake unavyosikiliza kengele.

Kengele ikalia. Mtoto alikuja mbio, anapita kwenye matope ya bombani, chaki kwenye sketi. Akasimama mbele ya sufuria, pumzi zinamkata.

"Shangazi, leo kuna moja limenishinda."

Bi Wino akaacha kusugua. "Limekushinda?"

"Limenishinda kabisa. Zima, na limenishinda. Nimejaribu njia tatu. Mwalimu amesema hata kesho linaweza likanishinda." Alikuwa anacheka, yule mtoto, meno yote nje, na mimi nilikuwa sijawahi kuona meno yake shuleni.

"Haya nenda ukalifikirie," shangazi yake akamwambia. Nukta akageuka, akakimbia hivyohivyo alivyokuja.

Bi Wino alibaki na mikono majini. Machozi yalikuwa yanamtiririka tu, hakuyafuta, labda kwa sababu ya sabuni. "Miaka mitatu, kaka," akasema. "Miaka mitatu alikuwa anasubiri mtu ampe kitu kimshinde."

Niliweka miiko yangu chini, nikashika sufuria upande wa pili, tukaisugua.